Mke wa Bucha na Sindano Nyekundu

Kila siku ninapika nyama, na ladha yake nimekwisha kuisahau. Ninaijua kwa harufu, ninaijua kwa sauti ya mafuta yanapoanza kulia ndani ya sufuria, ninaijua kwa kidole ninapoibonyeza. Chumvi nilikuwa ninamwita binti yangu Sumayah aje anionjee.

"Sumayah, njoo uniazime ulimi."

Alikuja mbio na kijiko chake, akaonja, akakunja uso kama hakimu. "Ongeza kidogo, Mama." Au, "Hapo hapo, usiiguse tena."

Wageni wa mume wangu wameusifu mchuzi wangu miaka yote hii. Hawajui kwamba aliyeupika hajautia mdomoni tangu mtoto yule alipokuwa darasa la pili.

Mimi ni Saudah, mke wa Muhamood mwenye bucha pale Mpondwe, karibu na geti la mpaka. Nyumba yetu iko Bwera, kwenye kiwanja cha baba yangu. Muhamood alipokuja kunioa alikuwa mbeba mizigo, anapakua malori kwa mgongo, hana hata mahali pa kutandika godoro. Baba alimwonea huruma. Alimwita pamoja na Shehe Sowedi na kaka zangu, akamwambia: "Kijana, jenga hapa. Siku ukimwacha binti yangu, nyumba na kiwanja ni vyake. Akiondoka kwa kosa lake mwenyewe, vitabaki kwako, maana utakuwa umevitolea jasho." Muhamood alibusu mkono wa baba. Niliona kwa macho yangu.

Baba sasa amelala nyuma ya nyumba, kando ya mtoto wangu wa kwanza ambaye hakufikisha mwaka. Bustani yangu ya dodo, mchicha wetu wa huku, inaanzia pale yalipoishia makaburi yao. Kila ninapochuma mboga ninawasalimia.

Ninasema haya mapema kwa sababu watu hupenda kuniuliza, "Saudah, kwa nini usinywe tu kikombe cha maziwa ukatoka?" Wanaona ni jambo dogo. Wao hawana watu wao chini ya udongo huo.

Kiapo chenyewe kilitokea siku ya soko. Muhamood alikuwa amekwisha kuoa mke wa pili, Hasifa, akampangia chumba Kasese mjini, na Hasifa alikuwa amekichoka chumba. Alitaka nyumba yenye ua. Nyumba yenye ua ilikuwa moja tu.

Siku hiyo nilimpelekea Muhamood chakula cha mchana kama kawaida. Nikamkuta amesimama mbele ya gogo lake la kukatia, macho mekundu, watu wamejaa: wapagazi, madereva wa malori, wanawake wa Kongo na vikapu vyao. Paja zima la ng'ombe lilikuwa limepotea.

"Panya yangu ndiyo hii inakuja!" alisema akininyooshea kisu. "Mwanamuke, paja iko wapi? Umepeleka kwa mama yako kule Karusandara?"

"Baba Sumayah," nikamjibu, "mama yangu hana meno ya kutafuna hata maharage. Paja la ng'ombe atalifanyia nini, alilalie?"

Watu wakaangua kicheko. Mpagazi mmoja alijipiga mapaja akasema, "Aah, mama iko na mudomo!" Muhamood hajui kuchekwa. Alikita kisu kwenye gogo kikasimama peke yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye malori:

"Sikilizeni wote. Kuanzia leo, nyama, maziwa, yai, samaki, samli, kitu chochote cha mnyama kikiingia mwilini mwa mwanamke huyu, talaka tatu zimempata hapo hapo. Tatu!"

Kicheko kilikatika. Shehe Sowedi mwenyewe alikuwa kwenye foleni akisubiri maini.

"Muhamood, umejua ulichosema?"

"Nimejua, Shehe. Na wewe umesikia."

Shehe akaondoka bila maini yake.

Paja lilijulikana liliko kabla mwezi haujaisha. Aziz, mdogo wake Muhamood, ndiye aliyeliuza ng'ambo. Nilidhani mume wangu atakuja kuniomba radhi. Alikuja akaketi, akanawa mikono, akala. Nilipomuuliza kuhusu kiapo akasema, "Sasa unataka nilambe matapishi yangu mbele ya soko zima?"

Nikaenda kwa Shehe Sowedi. Alinionea huruma, lakini huruma yake haikuwa na ufunguo. Akasema wako mashehe wanaoona kiapo cha hasira kinafutwa kwa kulisha maskini. "Lakini mimi sikusomeshwa hivyo, Saudah. Nilivyosomeshwa, maneno hayo yamesimama mlangoni kwako yanakungoja. Ukikila kitu hicho, umeachika. Naye akitaka kukuacha kwa njia nyingine, basi akuache kwa ulimi wake, na kiwanja kibaki kwako kama marehemu alivyosema. Jilinde."

Hapo ndipo nilipofahamu. Muhamood akiniacha, anapoteza nyumba. Nikila nyama, nimejiacha mwenyewe, nami ndiye mwenye kosa. Alikuwa amechimba shimo, akalifunika na sahani ya chakula, na kazi yake ilikuwa kuketi na kusubiri. Kila jioni alileta nyumbani maini, utumbo, kongoro. Alikuwa haniangalii usoni tena. Alikuwa anaangalia sahani yangu.

Nilikonda mwaka ule wa kwanza. Nilikula mihogo na chai ya rangi, chai ya rangi na mihogo. Nilikuwa nikipanda ngazi za msikitini ninashika ukuta. Aliyeniokoa ni jirani mpya, Lakot, mke wa askari mmoja aliyehamishiwa kambi ya hapa. Ni mtu wa kaskazini, Mwacholi, ana sauti ya kuamsha kambi. Mtoto wake anaitwa Desire, kwa hiyo ninamwita Mama Desire.

"Mama Sumayah," aliniambia siku ya kwanza aliponiona ninakula, "hii ni chakula ama ni adhabu? Hata mahabusu wa afande wangu wanakula maharage!"

Nikamweleza kiapo. Alitukana kwa Kiacholi kwa muda mrefu. Kisha akaleta kopo la simsim, yaani ufuta, iliyosagwa na karanga, nzito kama udongo wa mfinyanzi. Kwao wanaitia kwenye kila mboga. Wakati wa mimba yake alikuwa akihudhuria mafunzo ya akina mama katika hospitali ya misheni kule Kisinga, na kila walichomfundisha alikishika kama amri ya jeshi.

"Dodo ina madini ya chuma, inaleta damu. Lakini usiile kavu, kamulia ndimu. Ndimu inafungua mlango, chuma inaingia. Na hii chai yako ya juu ya chakula, acha! Chai inafunga mlango. Kunywa baadaye, tumbo likishamaliza kazi yake."

"Na maharage?"

"Loweka usiku mzima, mwaga maji, pika. Na hii chumvi ni ya wapi?"

"Ya Katwe. Sote tunatumia hiyo."

"Ya ziwani haina madini joto. Unataka rovu shingoni kama begi? Nunua ya pakiti."

Ndivyo nilivyojifunza kula. Simsim kwa ajili ya mifupa. Viazi vitamu vya njano na mawese kwa ajili ya macho. Sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga mwenyewe, parachichi, papai, karanga, uji wa ulezi. Nikapanua bustani hadi ikazunguka makaburi pande zote. Mwili ulirudi. Mikono ikapata nguvu. Wanawake msikitini wakaniuliza ninajipaka nini usoni. Muhamood alikuwa akinitazama ninavyopita na ndoo kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mtego wake umenasa hewa.

Nilidhani nimemshinda. Miaka ikapita hivyo, Sumayah akipanda madarasa, nami nikipika nyama ya watu na kula majani yangu. Hata hivyo sikuwa huru. Katika harusi nilikaa na sahani ya wali mweupe mapajani, kwa sababu pilau ina nyama na biskuti zina maziwa. Nilipomtembelea mama kule Karusandara nilibeba chakula changu kama mgonjwa. Nilikuwa ninauogopa ulimi wangu mwenyewe. Niliota ninakunywa mtindi, nikaamka ninalia, nikajiuliza kama ndoto nayo huhesabiwa.

Kisha miguu ikaanza.

Mwanzoni ilikuwa kama sisimizi. Wanatembea vidoleni, wanapanda nyayo, wananyamaza, wanarudi. Nikasema ni uchovu. Baadaye ulimi ukawa mwekundu, laini, unawaka hata kwa uji wa vuguvugu. Siku moja natoka kisimani, Sumayah akaniita kutoka nyuma:

"Mama! Ndala yako moja umeiacha kule!"

Nikaangalia chini. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine mtupu, na mimi sikujua. Nilicheka ili mtoto asiogope.

Siku niliyoogopa mimi ni ile ya makaa. Nilikuwa ninakaanga nyama ya wageni, Sumayah ameketi kwenye kigoda anasubiri kuonja. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikaitoa sufuria jikoni haraka, nikaigeuza nyama, iko sawa. Harufu ikazidi. Ni Sumayah aliyepiga kelele.

"Mama, mguu! Mguu wako!"

Kaa la moto lilikuwa limeanguka kutoka kwenye sigiri na mimi nilikuwa nimelikanyaga, nimesimama juu yake, ninageuza nyama. Sikuhisi kitu. Ile harufu ilikuwa yangu.

Muhamood aliutazama unyayo wangu, akatikisa kichwa. Siku chache baadaye aliingia na Aziz, akaweka mezani kopo jeupe lenye kifuniko cha kijani. Ilikuwa zawadi yake ya kwanza tangu amwoe Hasifa.

"Vitamini," alisema. "Nimeagiza kutoka Kasese. Umeze upate nguvu. Mwanamuke wa bucha hawezi kuanguka anguka kama mlevi."

Sauti yake ilikuwa tamu. Nilikaribia kulia, Mungu ndiye shahidi. Nikalitikisa kopo, vidonge vikalia ndani.

"Meza basi," alisema. "Aziz, mpe shemeji yako maji."

Aziz alinipa bilauri bila kunitazama. Hapo ndipo mkono wangu ulipokuwa mzito. Mume anayemletea mkewe dawa hahitaji kuja na mtu wa kuangalia inavyomezwa.

"Nitameza nikishakula," nikasema. "Dawa kali huchoma tumbo tupu."

"Meza sasa."

"Baba Sumayah, tumbo ni langu."

Akatoka. Aziz aliyabakiza maji mezani. Sikulifungua kopo. Nililitia kwenye kikapu, na asubuhi iliyofuata mimi na Lakot tulipanda boda boda moja, mimi katikati, tukaenda Kisinga. Njia nzima Lakot alinishika kiuno nisianguke, kwa sababu miguu yangu ilikuwa haijui iko wapi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, Tumusiime. Alinigonga magoti kwa nyundo ndogo. Akanifumbisha macho, akashika kidole cha mguu wangu akauliza amekisukuma juu au chini. Sikuweza kumwambia. Akachukua damu, tukasubiri, akaniita tena.

"Mama, huwa unakula nini?"

Nikamweleza vyote, na sikuficha kujivuna kwangu: dodo na ndimu, simsim, maharage ya kulowekwa, chumvi ya pakiti.

"Unakula vizuri kuliko wengi wanaoingia humu," akasema. "Madini ya chuma unayo. Lakini nyama? Maziwa? Yai?"

"Hapana."

"Wewe ni Msabato? Wako Wasabato huku hawagusi vitu hivyo kabisa."

Lakot alicheka. "Daktari, huoni mtandio? Huyu ni Mwislamu wa kiapo!"

Daktari alisikiliza habari yote. Hakucheka. Akaniambia ipo vitamini moja, B12, ambayo haimo kwenye jani lolote wala kwenye mbegu, hata ningekula bustani nzima. Watu huipata kwa nyama, maziwa, mayai, samaki. Mwili wangu ulikuwa na akiba yake tangu zamani, ukaila kidogo kidogo miaka yote hii, na sasa akiba imekwisha. Vitamini hiyo ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu. Ndiyo maana miguu ilikuwa inakufa.

"Lau ungemeza kidonge chake tangu mwaka wa kwanza, usingefika hapa. Sasa kidonge hakitoshi, tunataka sindano. Siku moja tunachoma, siku moja tunaacha, mpaka mwili ushibe, kisha kila baada ya miezi michache, maisha yako yote. Ukichelewa, mishipa iliyokufa hairudi."

Nikatoa kopo la Muhamood. "Na hivi?"

Akasoma maandishi ya ubavuni. "Vitamini za kawaida. Hazitoshi kwa ugonjwa wako." Akasoma tena. "Na kwa kiapo chako, Mama, hapana. Ganda lake ni la ng'ombe. Wanachemsha ngozi na mifupa, wanapata kitu kama gundi, wanatengeneza ganda hili laini."

Nyuma ya bucha yetu kuna rundo la mifupa na ngozi. Kila mara lori la wanunuzi huja kulichukua, na anayelipakia ni Aziz. Nilimkumbuka alivyonipa maji bila kunitazama.

Daktari akavunja kichupa kidogo, akavuta dawa. Nilipoiona nilirudi nyuma. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu kama inayotiririka kwenye gogo la Muhamood.

"Hiyo ni damu!"

"Si damu, Mama. Ndiyo rangi yake. Inatengenezwa na vijidudu vidogo visivyoonekana, kiwandani, ndani ya mapipa makubwa. Hakuna ng'ombe hapo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini mwili ni wako na ndoa ni yako. Sikulazimishi."

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa imewekwa pale sakafuni kama viatu vya mtu mwingine. Bila miguu nitaipalilia vipi bustani ile, nitafikaje kwa baba yangu? Nikakunja mkono wa gauni. "Choma."

Wakati wa kurudi, Lakot alipiga kelele za furaha juu ya boda boda. "Nyekundu kama damu! Mama Sumayah sasa atakimbia kuliko kuruta!" Dereva alisikia kila neno. Alitushusha, akaenda zake Mpondwe kununua nyama. Akanunua kwa Muhamood.

Kesho yake alasiri lori lilisimama mbele ya nyumba yetu. Juu yake kulikuwa na kitanda cha Hasifa, kabati lake na godoro lililofungwa kwa nailoni. Sijui vitu hivyo vilikuwa vimefungwa kamba tangu lini. Muhamood alishuka na Aziz na Shehe Sowedi. Akaingia chumbani, akatoa mkeka wangu na sanduku langu, akaviweka uani.

"Shehe, kiapo kimeanguka. Mwanamke huyu jana amechomwa damu ya ng'ombe mwilini. Nyekundu! Dereva wa boda ni shahidi. Mimi sikumwacha. Amejiacha."

Sumayah alikimbia akanishika gauni. Majirani walijaa kwenye ua. Lakot alikuja na mwiko mkononi.

"Saudah," Shehe akasema, "ni kweli?"

"Nimechomwa sindano, Shehe. Ni nyekundu. Si damu."

"Dawa nyekundu inatoka wapi kama si kwenye damu?" Muhamood akadakia. "Mimi ni bucha, mutu wa kunifundisha damu hakuna!"

"Mpigieni daktari," Lakot akasema, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kupiga, akaongeza sauti ya simu. Shehe akaishika kwa mikono miwili kama anashika msahafu. Daktari Tumusiime akarudia yote polepole: haina mnyama ndani yake, inatengenezwa na vijidudu.

"Umesikia!" Muhamood alipiga makofi. "Vijidudu! Si vinaishi? Kinachoishi ni mnyama!"

Shehe akamtazama. "Muhamood, uji wa bushera unakunywa?"

"Nakunywa."

"Inachachushwa na nini? Na mkate unaokula asubuhi, unaumuka kwa nini? Kama hao ni wanyama, tangu umezaliwa hujawahi kuwachinja kwa bismillahi. Umekula mizoga maisha yako yote."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nilitazama uso wa Muhamood, nikaikumbuka siku ile ya gogo. Safari hii kisu hakuwa nacho.

Nikaingia ndani kwa kushika ukuta, nikatoka na kopo jeupe. Karatasi ya mdomoni ilikuwa bado haijatobolewa.

"Shehe, na hivi vya mume wangu? Aliniletea yeye, akataka nimeze mbele ya shahidi. Mwulize ganda lake ni la nini."

"Mimi nitajuaje?" Muhamood akasema. "Nimenunua dukani."

"Aziz," nikasema, "lori la mifupa linaipeleka wapi?"

Aziz alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. "Kaka alisema hawezi kujua tofauti," akasema taratibu. "Alisema ni mtu wa majani tu."

Hakuna aliyecheka. Shehe alilichukua kopo, akaligeuza geuza, akalirudisha mkononi mwangu.

"Kiapo hakijaanguka," alisema. "Saudah ni mke wako kama alivyokuwa jana. Sasa mimi nakushauri kama baba. Hutaki kuishi naye. Mwache kwa ulimi wako, leo, kwa heshima, umwachie kiwanja cha baba yake. Wewe na kitanda hiki mrudi Kasese. Kila mmoja apumue."

Mimi nikaacha kupumua. Sikuwa nimejua ninataka hivyo kiasi gani mpaka nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Neno moja la Muhamood, nami jioni hiyo ningekunywa maziwa kando ya kaburi la baba, mwanamke asiye na mtu wa kumtazama sahani.

Muhamood alinitazama. Aliiona hamu hiyo usoni mwangu, naye ni mfanyabiashara, anajua mtu anapokitaka kitu.

"Simwachi," akasema. "Ni mke wangu."

Akawaambia wapakizi wageuze lori. Akaokota mkeka wangu, akaurudisha chumbani yeye mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayerudisha kifaa chake mahali pake.

Ni mwaka sasa. Sindano ninachomwa. Ulimi umepona, mguu wa kulia umerudi karibu wote. Wa kushoto bado una ganzi vidoleni, na daktari anasema labda utabaki hivyo. Kwenye bustani ninatembea na fimbo. Baba na mwanangu ninawafikia.

Muhamood hajaacha kuleta maini. Hajaacha kutazama. Ila sasa amejua kwamba ninaweza kuishi hivi mpaka tuzeeke wote, nami nimejua kwamba anaweza kunitazama mpaka tuzeeke wote. Dawa iliyoniponya ndiyo iliyokaza kufuli. Ningekuwa mgonjwa zaidi, labda ningekata tamaa, nikanywa hicho kikombe, nikaondoka. Sasa sina hata sababu hiyo.

Sumayah amekwenda kusoma Kasese, shule ya kulala. Siku alipoondoka aliniachia kijiko chake juu ya rafu. Mchana ule nilipika mbuzi peke yangu. Nikatia chumvi kwa kiganja, nikasimama mbele ya sufuria, nikageuka kumwita, nikakumbuka.

Nilipakua hivyo hivyo. Muhamood alitia tonge mdomoni, akatema pembeni.

"Chumvi hii! Mwanamke, hukuonja?"

"Siwezi kuonja, Baba Sumayah," nikamwambia. "Mimi nina ndoa."

Kisha akavuta sahani karibu, akaendelea kula, kwa sababu nyumbani humu hakuna chakula kingine isipokuwa majani yangu. Nikaketi upande wangu wa mkeka, nikakamulia dodo ndimu, nami nikala.